Hakuna Mahali Panaitwa Popote

Tangazo la gari tulilokodi lilikuwa na maneno mawili tu: Lala popote. Nimekaa nayo kichwani tangu Aprili. Leo nataka kuyapinga, kwa sababu naona mabeste wangu wameanza kuyaamini, na mimi mwenyewe niliyaamini kwa muda wa dakika arobaini hivi.

Kabla hujanirukia: sina shida na mtu kusafiri. Sina shida na vijana kutoka Rongai na Ruaka Ijumaa jioni kwenda kuona nchi yao. Shida yangu ni hiyo popote. Hakuna mahali panaitwa popote. Kila mahali pana mwenyewe, au pana aliyekuwa mwenyewe akafukuzwa, au pana anayepafanyia kazi kila siku na hatakuwa mwenyewe kamwe. Na kama kuna sehemu ya Kenya ambapo unaweza kuwaona wote watatu kabla ya saa nne asubuhi, ukiweka simu chini kidogo, ni Kericho na Bomet. Ndiko tulikoenda.

Gari lenyewe kwanza. Kampavani yetu ilikuwa HiAce. Yaani matatu. Walitoa viti wakaweka kitanda cha mbao, meko ya gesi, sinki ndogo, taa za waya za rangi ya asali, na juu wakafunga hema la kukunjua. Elfu kumi na mbili kwa siku, mafuta juu yako. Tulikuwa wanne, tukachanga. Nimepanda matatu maisha yangu yote nikilalamika kwamba magoti hayana pa kukaa, halafu nikatoa pesa zangu ili nilale ndani yake. Hilo nalo lingetosha kuwa makala, lakini tuendelee.

Tulipitia Mai Mahiu, Narok, Mulot, Bomet, halafu Kaplong, Kapkatet na Litein. Sasa hapa nataka uangalie tulichofanya, maana nadhani ndicho mnachofanya nyote. Kuanzia Bomet chai ilikuwa imeshaanza. Lakini ilikuwa chai ya watu. Kipande cha chai, kipande cha mahindi, ng'ombe wawili, nyumba ya mabati, kanisa, watoto wa shule, kituo cha kupimia majani chenye mizani na karani, akina mama wamepanga magunia wakisubiri lori. Hatukusimama. Beste yangu aliyekuwa ameshika droni alisema, "Hapa kuna vitu vingi sana kwenye fremu." Tukaendelea hadi tukafika karibu na Kericho, mahali ambapo vitu viliisha. Chai tu. Imekatwa sawasawa kama zulia, inapanda kilima inashuka, hakuna nyumba, hakuna ng'ombe, hakuna mtu. Hapo ndipo sote wanne tulisema "wow" kwa pamoja. Hapo ndipo tulihisi uhuru.

Hakuna aliyeuliza kwa nini hapakuwa na mtu.

Tuliingia barabara ya ndani, tukakunja kona, tukazima injini. Tukawasha taa za asali. Tukapika tambi. Kama saa mbili na nusu usiku tochi ilikuja kutoka kwenye chai, na nyuma yake mwanamume wa makamo mwenye koti refu la mvua na rungu. Alitusalimia vizuri kabisa. Halafu akauliza nani ametupa ruhusa.

"Tunapumzika tu, mzee," nikasema. "Asubuhi na mapema tunatoka."

"Hapa si pa kupumzika. Hapa ni kampuni."

"Lakini si tuko kando ya barabara?"

"Hata barabara ni ya kampuni, kijana wangu."

Hakuwa mkali. Alisubiri tukunje hema, akatuonyesha kwa tochi pa kugeuzia, hata akatuambia tusimwage maji ya tambi kwenye chai. Nilikuwa na hasira naye kwa kilomita tatu nzima. Kwenye gari tulimwita majina. Mmoja wetu alisema, "Ati kampuni. Hii ni nchi yetu." Na hilo neno, nchi yetu, limetoka midomoni mwa watu wengine mahali pale pale, kwa sababu nzito zaidi kuliko tambi.

Basi jibu la swali ambalo hatukuuliza ni hili. Zile ridge hazikuwa tupu. Zilifanywa tupu. Kabla ya Waingereza, Wakipsigis na ukoo wa Talai walikaa pale, walilisha pale, walizika pale. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilikata maelfu ya ekari Kericho ikawapa maofisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi ile haikurudi kwa wenyewe. Ilikwenda kwa kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay. Wakipsigis walisukumwa kwenye hifadhi ya wenyeji. Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho na ambao serikali iliwaogopa kama wachochezi, walitungiwa sheria yao peke yao mwaka 1934. Fikiria bunge linakaa chini kuandika sheria ya kuhamisha ukoo mmoja. Mamia yao walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria, na wengi walikaa huko hadi karibu na uhuru.

Kampuni zilipewa hati za kukaa miaka 999. Si kosa la chapa. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, ndiyo iliyosema mgeni hawezi kushika ardhi Kenya zaidi ya miaka 99. Sisi tulipewa dakika arobaini. Nimecheka sana nilipolinganisha hizo namba, lakini kicheko kile hakikukaa, kwa sababu kuna waliopewa dakika chache kuliko sisi, na hawakuwa wamekodi.

Hii si historia ya kitabuni. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba watu hawa walidhulumiwa. Mwaka 2021 wataalamu maalum wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu suala hilo. Mwaka 2022 kesi ikapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alikuja Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023, akatembelea Nairobi na Mombasa, Kericho hakufika. Sisi tulifika, na tukapiga picha.

Halafu kuna hili jambo la kulala kando ya barabara. Tunalifanya lionekane kama uvumbuzi wetu, kitu tulichokitoa California na Australia. Serikali ilipowaondoa watu South West Mau mwaka 2009, familia zilipiga kambi za turubai kandokando, kwenye matope, na watoto, kwa muda mrefu kuliko likizo yoyote. Maasai Mau mwaka 2018 na 2019, tena. Wengi wao walikuwa Wakipsigis. Sitasema nani alikuwa na haki ya msitu na nani hakuwa nayo. Msitu ule ndio unaoleta mvua inayonyeshea hiyo chai, na kuna waliouziwa vipande na watu wakubwa waliojua wanachofanya. Ninachosema ni kwamba walipika kwenye mawe matatu nje, wakalala palipokuwa na nafasi, wakaoga kwa beseni. Hakuna aliyesema wanaishi maisha huru. Gazeti liliwaita maskwota. Madereva wa malori nao wanalala kwenye kiti kila usiku kati ya Mombasa na Malaba, na utingo analala chini ya lori mvua isiponyesha. Tofauti yao na mimi ni kwamba mimi nilikuwa na nyumba Nairobi yenye maji ya moto, nikalipa ili nijifanye sina.

Niseme kitu kuhusu picha, maana najua hapo ndipo mtaumia. Ile picha ya chai isiyo na mtu, gari dogo limeegeshwa katikati, mlango wa nyuma wazi, miguu ya mtu na kikombe. Imeshapigwa. Imepigwa mara nyingi sana. Na kila mara inapopigwa inafanya kazi ile ile ambayo mabango ya chai yamefanya kwa miaka mia: inaondoa watu. Kwenye bango angalau wanamwacha mama mmoja mwenye kikapu, anatabasamu. Sisi hata yeye tumemtoa, kwa sababu anaharibu utulivu.

Ukimtoa unakosa mengi. Unakosa kwamba Februari 2023 BBC ilitoa uchunguzi ambapo wanawake zaidi ya 70 walieleza kudhulumiwa kingono na wasimamizi kwenye mashamba yaliyomilikiwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza. Unakosa kwamba Mei mwaka ule ule vijana wa Kericho walichoma mashine za kuchumia chai, kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya watu wengi na hao wengi ni mama zao. Lile zulia lililonyooka kama limepigwa pasi, lile tulilolisifu, mara nyingi ni mashine iliyolinyoosha. Mkono hauchumi hivyo. Mkono unachuma majani mawili na chipukizi, unaacha mengine, na kichaka kinabaki na sura yake. Tulikuwa tunasifu watu kufutwa kazi, tukidhani tunasifu Mungu.

Sasa nifike nyumbani kwangu, maana nisipofanya hivyo mtasema najifanya mwalimu.

Nyanya yangu alichuma chai Kericho. Ni Mkisii, na sisi tunamwita Magokoro. Alichuma kwa miaka ishirini na miwili kwenye esteti moja ambayo sitaitaja, akaishi kwenye laini, chumba kimoja na jiko, nyumba yenye namba mlangoni. Mama yangu alizaliwa kwenye laini hiyo. Januari 2008 walikuja vijana usiku. Magokoro alitoka na mkoba wa nguo na redio. Walilala uwanja wa polisi, halafu wakapandishwa lori, na usiku mmoja alilala juu ya lile lori kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe. Aliteremka Keroka. Hajarudi Kericho hata siku moja, hata kudai alichokuwa anadai.

Nilijua haya yote. Nimeyasikia tangu nikiwa darasa la pili. Na bado nilikwenda Kericho na taa za asali, na haikunijia kwamba ninakwenda kwao mama. Nilipompigia simu siku ya tatu kumwambia niko wapi, alinyamaza kidogo, akauliza, "Umelala wapi?" Nikamwambia kwenye gari. Akauliza, "Wamewafukuza?"

Hilo swali lilinifanya niandike haya. Kwake yeye, mtu analala kwenye gari Kericho kwa sababu moja tu.

Nikamwambia hapana, Magokoro, tumekodi. Na hapo nilisikia aibu ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Akataka kujua kama ule mparachichi alioupanda nyuma ya nyumba yake bado upo. Nikafungua simu. Nilikuwa na picha mia tatu na arobaini. Hakuna hata moja iliyokuwa na nyumba.

Najua mtakachosema. Mtasema wazungu wamezunguka na Land Rover zao na mahema miaka yote na hakuna aliyewaandikia makala, halafu Mkenya mweusi akianza tu kufurahia, mnaanza kelele. Hoja hiyo ina uzito na sitaipuuza. Nami nimefurahi kuona sura zinazofanana na yangu kwenye zile kambi. Lakini tusidanganyane: tulichorithi si safari tu, tulirithi na macho. Macho yanayoona nchi tupu. Yule ofisa wa mwaka 1920 aliposimama kwenye ridge ile, alisema moyoni mwake kitu kinachofanana sana na "wow" yetu. Kufanya kitu kile kile nikiwa mweusi hakukifanyi kiwe kipya.

Mtasema pia tunainua uchumi wa mashinani. Haya, tupige hesabu, na ni hesabu yangu mimi. Chakula tulinunua supamaketi Nairobi, hadi vitunguu. Maji, Nairobi. Kuni, kifurushi kimefungwa kwa plastiki, Nairobi! Tulipeleka kuni Kericho, nchi yenye miti. Kodi ya gari ilibaki Nairobi. Hadi tunafukuzwa usiku ule wa kwanza, pesa pekee tuliyoacha kwa watu wa kaunti zote mbili ilikuwa mafuta Bomet na ndizi za shilingi mia kule Kaplong, na zile ndizi nilipunguziwa bei. Majani ya chai yenyewe tulikuwa nayo kwenye kabati la gari, yametoka Nairobi kwenye pakiti, yamerudi kwao kama mgeni. Gari la kulala limetengenezwa kwa namna hiyo: usihitaji mtu. Kitanda chako, sinki yako, choo chako. Hoteli mbaya kabisa ya Litein ingekulazimisha uongee na binadamu.

Usiku ule, baada ya askari, tuliendesha hadi tukaona taa na geti la mbao. Mama mmoja wa umri wa mama zetu alitoka na shuka mabegani. Tulisema "Chamgei" kwa lafudhi ya kuchekesha, akacheka, akajibu, akatufungulia. Hakuuliza jina. Alituonyesha pa kuegesha, kati ya zizi na tangi la maji. Watoto waliamka kuangalia gari. Kulikuwa na bibi pia, Gogo wao, aliyekaa mlangoni na kikombe.

Saa saba usiku ikanyesha mvua ya mawe. Kericho ni moja ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Tangazo halikuwa na habari hiyo. Paa la HiAce lililia kama ngoma ya jeshi, na wale wawili wa hema la juu walishuka wakipiga mayowe. Tulikaa wanne kitandani tukicheka, tukirekodi video. Halafu nikaona taa ya nyumbani imewashwa, na yule mama amesimama kwenye baraza, ameshika nguzo, anatazama upande wa shamba lake gizani. Alisimama hivyo muda wote wa mvua. Mawe yakipiga chai, majani yanachanika, na inachukua wiki kadhaa kabla hujachuma tena cha maana. Tulizima simu. Hakuna aliyetuambia tuzime.

Asubuhi alitupa chai ya maziwa na mursik kutoka kwenye kibuyu, na alikataa pesa mara mbili. Mara ya tatu tulimpa Gogo, naye akapokea bila tatizo lolote. Walikuwa wakizungumza kuhusu bonasi, ile ya Oktoba, ambayo wakulima wa upande huu wa Bonde la Ufa wamelalamika miaka mingi kwamba ni ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya, ilhali chai ni chai. Gogo alilizunguka gari letu mara moja, akachungulia kitanda, akagusa ile sinki ndogo. Akamuuliza kitu binti yake kwa Kikipsigis.

"Anauliza," yule mama alisema, ameona haya kidogo, "nyinyi hamna nyumba?"

Tulisema tunazo. Gogo akatafsiriwa. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake.

Kwa hivyo ukinunua hiyo popote, sitakuzuia. Si mimi mwenye barabara. Ila ukifika Bomet simama pale penye vitu vingi kwenye fremu. Nunua vitunguu hapo. Piga hodi kabla giza halijaingia, useme jina lako na la kwenu, uulize bei ya kuegesha na ulipe bila kuomba kupunguziwa. Uliza ile ridge ilikuwa ya nani. Utajibiwa, watu hawajasahau, na wengi wanajua hadi jina la babu aliyezikwa pale na ni kichaka gani kimemfunika. Na yule askari mwenye tochi, msalimie vizuri. Analinda kitu ambacho huenda kilikuwa cha babu yake.

Gari tulirudisha Jumatatu saa nne. Lilikuwa na vishimo vidogo ishirini na kitu kwenye paa, vya mawe, na wenye gari wakasema bima haishughulikii mvua. Tumelipa. Magokoro ameniomba nirudi Juni, kwa basi, nikamtazamie ule mparachichi. Amenipa namba ya nyumba. Sijui nitamwambia nini yule wa getini, lakini nitaanzia hapo, kwenye geti, mchana.